Bustani ya Uani: Chini ya Mwembe Ukoka Hauoti

Katika toleo hili Bwana Shamba wetu anajibu barua nne, zote zikihusu nyua zenye kivuli. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu tatizo lake ndilo linaloulizwa zaidi.

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nyumbani kwetu Tegeta, Dar es Salaam, tuna uwanja wa nyuma wenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, ulioko upande wa kusini wa nyumba. Katikati pana mwembe mkubwa, na kwenye kona ya ukuta pana mwarobaini. Tumepanda ukoka mara mbili. Mara zote ulishika vizuri mvua iliponyesha, kisha ukarefuka, ukawa mwembamba na wa manjano, na mwishowe ukatoweka, tukabaki na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Uwanja tunaufagia kila asubuhi, kwa hiyo si suala la uchafu. Fundi wa bustani ametushauri tuukate mwembe, lakini baba watoto hataki hata kulisikia neno hilo. Watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 6, hucheza hapo kila jioni. Tufanye nini?
Mama wa Tegeta

JIBU: Marahaba, mama. Baba watoto yuko sahihi, na mwembe ubaki. Mti wa umri huo unaipoza nyumba yenu, unawapa matunda, na ukishaukata hamtauona tena wenye ukubwa huo mpaka watoto hao wawe watu wazima. Kinachopaswa kuondoka hapo uani ni mpango wa ukoka.

Ukoka ni nyasi ya mahali pa wazi. Kama yalivyo mahindi na miwa, umo katika kundi la mimea inayotengeneza chakula chake kwa njia inayofaa zaidi penye jua kali na joto, na ili ustawi unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Mwembe haupukutishi majani yake yote kwa msimu mmoja kama mibuyu au mikrismasi. Una majani mazito mwaka mzima, na mwanga unaopenya hadi chini ni kidogo mno. Dalili ulizozieleza, yaani kurefuka, kukonda na kugeuka manjano, ni za nyasi inayoutafuta mwanga bila kuupata. Kwamba ulishika vizuri mwanzoni hakupaswi kukupa matumaini, kwa maana majuma yale ya awali uliishi kwa akiba iliyokuwa katika mashina yake yanayotambaa, na akiba ilipokwisha haukuwa na uwezo wa kujitengenezea nyingine. Mbolea haiwezi kuziba pengo hilo. Kuimwagia urea nyasi iliyo kivulini ni kuilazimisha irefuke zaidi na kuwa dhaifu zaidi.

Mahali ulipo uwanja wenu pia pana uzito. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, na nyumba yenye kimo cha mita 4 hadi kwenye ukingo wa paa hutupa kivuli cha zaidi ya mita 2 kwenye uwanja wake wa kusini, mbali na kivuli cha mti. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua hupita kusini, na ukanda ule ule ulio karibu na nyumba huangaziwa vizuri pale ambapo matawi hayaufuniki. Mtu anayeutazama uwanja wake Desemba, akaona unang'aa, akaenda kununua nyasi, atashangaa ikifika Juni. Kabla ya kununua mche wowote, tokeni uani saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, mkazungushie kwa majivu au chokaa sehemu zilizofikiwa na jua, na mfanye hivyo katika miezi ya kipupwe na tena katika miezi ya joto. Mtapata ramani ambayo hakuna fundi atakayewachorea iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa uniwie radhi, mama, kwa sababu lazima niliguse fagio. Kufagia uwanja kila asubuhi ni heshima ya nyumba, nami sitamwambia mtu yeyote aache wageni waukute uwanja umejaa takataka. Lakini fagio la kila siku huondoa majani ambayo yangeoza na kuwa udongo, huchukua na tabaka jembamba la juu lenye rutuba, na mwaka hadi mwaka mizizi ya mwembe hubaki wazi kama mnavyoiona. Juu ya hapo kuna miguu. Udongo uliokanyagwa bila kufunikwa hushikamana, maji ya mvua hushindwa kupenya, yakatuama juu yakawa tope, na kiangazi kikija tope hilo huwa vumbi. Mnaweza kuhakikisha wenyewe: siku moja baada ya mvua nzuri, chukueni msumari wa inchi 6 mjaribu kuusukuma ardhini kwa mkono. Ukikataa kuzama hata nusu yake, tatizo lenu si kivuli peke yake, na mwembe ungekatwa leo ukoka bado ungeteseka.

Ushauri wangu mkuu ni kuugawa uwanja katika sehemu mbili, sehemu ya miguu na sehemu ya mimea, na kila moja ipewe kinachoifaa.

Sehemu ya miguu ni njia ya kutoka mlango wa jikoni kwenda kwenye kamba ya nguo, na mahali watoto wanapochezea. Hakuna mmea wa kivulini utakaostahimili kukanyagwa kila siku, na anayewauzia mmea kwa ahadi hiyo anawadanganya. Njia itandikeni kokoto ndogo au changarawe kwa unene wa takriban sentimita 5, au mpange vitofali vya saruji juu ya mchanga bila kuvijengea kwa zege, ili maji na hewa viendelee kuifikia mizizi. Msitandike karatasi la nailoni chini yake, ingawa mafundi wengi hulipenda kwa sababu huzuia magugu. Linazuia pia maji. Mahali pa watoto, kwa maoni yangu, pabaki udongo mtupu wa kufagiwa, na hapo fagio lako liendelee kutawala. Udongo uliofagiwa vizuri chini ya mwembe ni sakafu nzuri ya kuchezea, nao ulikuwa sakafu ya nyua zetu tangu zamani, kabla ya bustani za nyasi kuonekana kuwa ndiyo maendeleo. Kinachotakiwa ni kuutenganisha na sehemu ya mimea kwa mstari wa mawe au matofali, ili atakayefagia ajue fagio linaishia wapi.

Jambo moja la kuepuka kabisa ni kile kibaraza cha mviringo ambacho watu hupenda kujenga kuuzunguka mwembe na kukijaza udongo ili wapande maua. Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo wenye unyevu. Huoza polepole, na mti huanza kukauka kutoka juu miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kibaraza kilijengwa lini. Vivyo hivyo msimwage malori ya udongo mwekundu juu ya mizizi ili kusawazisha uwanja. Mizizi mingi inayolisha mti iko katika sentimita 30 hadi 60 za juu, na ukiizika kwa kina unainyima hewa. Wekeni udongo wenye mboji usiozidi sentimita 5 kwa mwaka, nao uwe mbali kidogo na shina.

Katika sehemu ya mimea, acheni majani ya mwembe yaanguke na kubaki. Hayo ndiyo matandazo yenu ya bure. Yakiwa mazito mno yanaweza kukatwakatwa kwa panga, yakatandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, na kuachiwa nafasi ya kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Udongo ulioshikamana utobolewe kwa mtaimbo, mashimo ya kina cha sentimita 15 kila baada ya sentimita 30, yajazwe mboji au samadi iliyooza. Mkikutana na mzizi mnene kuliko kidole gumba, sogezeni shimo, msiukate mzizi.

Kuhusu cha kupanda, tuna bahati ambayo watu wengi hawaijui, kwamba baadhi ya mimea ya kivulini inayouzwa ghali duniani kwa ajili ya kupamba nyumba ni ya huku kwetu. Zamioculcas zamiifolia, ule wenye vijiti vinene na majani mazito yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, Zanzibar ikiwemo, na hustahimili kivuli kizito na ukame kwa pamoja, jambo ambalo ni mimea michache inayoliweza. Jamii ya Sansevieria, ndugu wa mikonge mwitu ya porini kwetu, nayo ni hivyo hivyo. Impatiens walleriana, yenye maua mepesi ya waridi, mekundu au meupe, hukua yenyewe kwenye misitu yenye unyevu kuanzia Kenya hadi Msumbiji, ila yenyewe inadai maji, kwa hiyo iwekwe pale mnapoweza kumwagilia. Scadoxus multiflorus hulala ardhini wakati wa kiangazi, kisha mvua zikianza hutoa ua jekundu la mviringo linalomshangaza kila asiyelijua. Kwa kufunika ardhi, chukueni Chlorophytum comosum, wenye majani membamba yenye mistari myeupe, ambao huzaa vichipukizi vyake wenyewe, na makangaga kwa sehemu zenye unyevu. Mtaipata mingi kati ya hiyo katika vitalu vya kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Msichanganye kila aina mche mmoja mmoja. Uwanja wenye aina nne zilizopandwa kwa makundi makubwa hupendeza kuliko wenye aina ishirini zilizotawanyika.

Nunueni miche midogo iliyo katika viriba, kwa sababu shimo lake ni dogo na hujipenyeza katikati ya mizizi bila kuijeruhi. Pandeni masika yanapoanza, katikati ya Machi, kwa nafasi ya sentimita 30, na mwagilieni katika kiangazi cha kwanza, kwa maana mwembe hunywa maji kabla ya mche mchanga kuyafikia. Mizizi ya miti ni mshindani wa pili baada ya kivuli, na bustani nyingi za chini ya miti hufa kwa kiu huku mwenyewe akidhani zimekosa jua.

Kwa kuwa mna mtoto wa miaka 3, naomba mwe waangalifu. Dieffenbachia, ile yenye majani mapana yenye madoa meupe ambayo imejaa vitaluni, ina chembe kali zinazochoma na kuvimbisha mdomo na koo zikitafunwa. Msiiweke hapo kabisa. Zamioculcas niliyoitaja ina chembe za aina hiyo pia, hivyo ipandwe upande wa ukutani, nyuma ya mimea mingine, mbali na wanapochezea watoto.

Mwembe wenyewe unaweza kupunguzwa bila kukatwa. Baada ya mavuno kwisha, kwa kawaida mwezi Februari, mwiteni mtu anayejua kazi aondoe matawi ya chini hadi kimo cha mita 2.5 hivi, pamoja na yale yanayosuguana na yaliyokauka ndani, asizidishe robo ya matawi yote kwa mwaka. Mwanga wa pembeni utaingia asubuhi na alasiri, hewa itapita, na magonjwa ya ukungu yanayoshambulia maua na matunda ya maembe yatapungua. Afunike mikono, kwa kuwa utomvu wa mwembe huwasha ngozi.

Na kama bado moyo unatamani kipande cha kijani kibichi cha kukalia, ramani yenu ya majivu ikionyesha sehemu inayopata jua kwa saa 4 au zaidi mwaka mzima, pandeni hapo Stenotaphrum dimidiatum, nyasi ya majani mapana ya pwani ya Bahari ya Hindi ambayo wauzaji wengi huijua kama nyasi ya Pemba. Inavumilia nusu kivuli kuliko ukoka. Chini ya saa hizo, hata hiyo itawaaibisha.

SWALI: Bwana Shamba, sisi tuko Muheza. Nyuma ya nyumba kuna kivuli cha mfenesi na miembe. Mimi sina haja ya maua, nataka kitu cha kuliwa au cha kuuza. Je, kivulini kunaweza kutoka chochote?
Mstaafu, Muheza

JIBU: Kunaweza, mzee wangu, nawe uko katika wilaya inayolijua jambo hili kuliko nyingi. Kule juu Amani wakulima wamepanda iliki chini ya miti ya msitu kwa miaka mingi. Hata hivyo iliki hupenda baridi ya milimani, kuanzia kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mjini Muheza hutafurahishwa nayo.

Ulicho nacho tayari ni nguzo. Pilipili manga ni mmea unaotambaa juu ya mti ulio hai, na shina la mwembe linafaa. Panda vipandikizi viwili au vitatu upande usiopigwa na jua la alasiri, nusu mita kutoka kwenye shina, uvifungie kwa kamba laini mpaka vijishike vyenyewe. Kivuli kikiwa kizito mno utaona majani mengi na pilipili chache, kwa hiyo matawi machache ya mwembe yapunguzwe. Matunda ya kwanza yanaweza kuchukua miaka mitatu.

Chini yake, kwenye nusu kivuli, panda manjano na tangawizi. Zote hukubali kivuli chepesi, zinataka udongo uliotifuliwa wenye mboji nyingi na usiotuamisha maji, na huvunwa miezi 8 hadi 10 baada ya kupandwa. Pale ambapo maji ya kuogea au ya jikoni hutiririka, weka magimbi. Mchicha unaweza kuujaribu pembezoni tu. Nyanya, bamia na pilipili hoho usipoteze mbegu.

Wengine watakushawishi upande vanila kwa sababu ya bei yake. Inakua kivulini kweli, lakini kwetu haichavushwi na mdudu yeyote. Kila ua lazima lichavushwe kwa mkono, asubuhi ile ile linapochanua, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion. Ni kazi ya mtu anayeweza kuwepo uani kila siku ya msimu. Wewe umestaafu, basi huenda ukawa mtu huyo.

Mpangilio huu wote, yaani mti juu, mtambaao katikati na mazao mafupi chini, ndio unaofanya vihamba vya Wachaga huko Kilimanjaro kulisha kaya kubwa kutoka eneo dogo, kahawa ikiwa chini ya miti na migomba ikiwa kati. Hukuhitaji kungoja mtaalamu akuelekeze. Umbali wa safari ya basi kuna watu walioufanya kwa vizazi.

SWALI: Assalaam aleikum. Nyumba yetu Mombasa ina kijia kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani, upana wake mita moja na robo tu. Jua haliingii kamwe, maji ya kiyoyozi hudondoka hapo, na chini pana utando wa kijani unaoteleza. Mama yangu aliwahi kuanguka. Nifanyeje papendeze?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Mpe mama pole. Kabla ya kupendeza, pawe salama. Yaongoze maji ya kiyoyozi kwa bomba hadi kwenye mtaro au kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa utando huo na kuvumwani huishi kwa unyevu usiokatika. Usugue kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, kisha utandike kokoto kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye mtaro, na katikati uweke mawe bapa ya kukanyagia. Ukuta wa jirani, kwa idhini yake, upakwe chokaa nyeupe; kijia chembamba hupata mwanga mwingi zaidi kutokana na kuta zake kuliko kutokana na mbingu iliyo juu yake. Kisha panga vyungu upande mmoja tu, vyenye makangaga na Zamioculcas, ambayo kwao ni pwani hii hii.

Vyungu visikae kwenye visahani vya maji. Mbu anayeeneza homa ya dengi huuma mchana na huzaliana katika maji machache yaliyotuama penye kivuli, na Mombasa imewahi kupata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2013.

SWALI: Mke wangu anasema mimea ya kivulini huleta nyoka. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mimea haileti nyoka. Nyoka hufuata chakula, yaani panya, vyura na mijusi, na hufuata maficho. Marundo ya matofali yaliyobaki baada ya ujenzi, mbao zilizolala chini, na mabaki ya ugali yanayomwagwa nyuma ya jiko huvuta panya, na panya huvuta nyoka. Hata hivyo wasiwasi wa mkeo una msingi pale mimea inapokuwa mirefu na kusongamana karibu na mlango. Acha ukanda wa mita moja wa kokoto au udongo wa kufagiwa kuizunguka nyumba, panda mimea mifupi karibu na njia na mirefu mbali nayo, weka taa uani, na ziba tundu la maji taka kwa wavu wa chuma.